Nililiacha Bibo Likibingirika, Nikamsingizia Somoe

Kosa ni langu. Naliandika hapa juu kabisa kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Mimi ukinipa mistari miwili tu ya kujieleza, ukifika wa tatu tayari unanihurumia.

Msinihurumie!

Jina langu sitaji. Huku Newala shuleni kwetu watu wanajuana mpaka kandambili, na mwalimu wetu wa nidhamu anasoma kila karatasi inayopita isipokuwa vitabu. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Yaliyotokea sijayabadilisha, ingawa ningependa.

Niko kidato cha tatu. Darasani mimi ni yule wa dawati la nyuma anayetupa neno moja, wote wakacheka, halafu mwalimu akauliza "nani huyo?" na hakuna anayejibu. Hiyo ndiyo kazi yangu. Naifanya bila likizo.

Somoe ni mtoto wa mjomba wangu, tuko darasa moja. Kwetu binamu wa namna hiyo ni mtani wako toka mnazaliwa. Unamwambia lolote, naye anakujibu lolote, hata msibani, na hakuna ruhusa ya kununa. Yeye aliniita Mdomo Spika. Mimi nilimwita Miguu Antena. Asubuhi ambayo Somoe hajanitukana nilihisi kama sijapiga mswaki.

Na Somoe anachora. Jamani, anachora! Aliwahi kumchora mwalimu wa hesabu kama mbuzi, mwalimu akaiokota ile karatasi, akaitazama weee, akasema, "Huyu mbuzi nimemwona wapi?"

Sasa sikilizeni.

Mwaka jana tuliletewa mwalimu wa kompyuta, Mwalimu Masanja, mgeni kabisa huku kwetu, katokea kanda ya ziwa. Mtu mpole, mwenye daftari dogo mfukoni ambalo kila unachosema anakiandika. Akaanzisha klabu. Kompyuta za shule zilikuwa mbili, na moja kitufe cha herufi M kimeng'oka. Ukitaka kuandika "mama" unabonyeza kwa ncha ya kalamu.

Akatuambia kuna maonyesho ya shule yatafanyika Masasi mjini. Kila shule ipeleke wanafunzi wawili na kitu walichokitengeneza wenyewe. Akanichagua mimi niandike programu ya gemu ya simu, na Somoe achore picha zake. Viti viwili, watu wawili. Mambo safi!

Kwa Somoe haikuwa safari tu. Baba yake, yaani mjomba, ana mikorosho kule Mnyambe, na msimu ukifika nyumba nzima inahamia shambani Jumamosi. Somoe alimwomba apewe Jumamosi zake achore. Mjomba akafikiri siku mbili, akakubali kwa sharti moja.

"Zikikufikisha Masasi hizo picha, chora mpaka vidole vichoke," alimwambia mbele yangu. "Zisipokufikisha, daftari lifungwe, uje uokote korosho kama wenzako. Sitaki kusikia habari ya penseli tena."

"Zitanifikisha, baba."

"Na huyu Mdomo Spika ndiye dereva?"

"Ndiye huyo huyo."

"Basi mtafika mmepinduka," mjomba akasema, tukacheka wote watatu.

Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mkorosho. Mabibo yanaanguka. Kwa wasiotoka huku: bibo ni lile tunda laini lenye maji mengi, na korosho ni ile mbegu inayoning'inia chini yake. Unaliwahi bibo kwa kidole, korosho inanyofoka na kurukia kikapuni, na bibo linabingirika kwenda pembeni mpaka linatoka nje ya kioo. Ukichelewa, ngedere anaiba. Rahisi tu, lakini tamu kama nini!

Somoe alichora bibo moja mara kumi na mbili kwenye karatasi za daftari la mirabamiraba. Hapa linaning'inia, hapa limeanza kuchomoka, hapa limeshtuka, hapa linadunda. Tukazipiga picha kwa simu ya mwalimu, tukaziingiza kwenye kompyuta. Ukizipitisha haraka moja baada ya nyingine, bibo linakuwa hai. Tena lilikuwa na sura! Lilikuwa linaanguka huku limekunja uso kama bibi aliyeamshwa usingizini. Darasa zima lilipoliona mara ya kwanza lilipiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Mimi nikaandika programu. Na hapa ndipo nilipoharibu.

Kuna jambo mjue. Huku kwetu ukiokota korosho, mkono unajua kazi yake wenyewe: inama, shika, nyofoa, korosho ndooni, bibo tupa. Bibo huna shida nalo. Litaliwa na mbuzi, litaozea pale pale, au atapita mtu akalibebe akapikie uraka, ile pombe yetu ya mabibo. Tangu nina miaka mitano sijawahi kujiuliza bibo nililolitupa limeishia wapi. Nani anajiuliza?

Basi na programu nikaiandika hivyo hivyo! Korosho nikaihesabu, nikaiweka kikapuni vizuri. Bibo nikalisukuma nje ya kioo na kusahau habari zake. Haliko machoni, limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Kwenye simu hakuna mbuzi! Kwenye simu hakuna kinachooza!

Kila bibo nililitengenezea kisaa chake kidogo kinachobadilisha zile picha kumi na mbili, moja, mbili, tatu, likirudi mwanzo. Bibo likitoka nje ya kioo, kisaa kilikuwa bado kinapiga. Lilikuwa linaendelea kubingirika huko gizani, linakunja uso, linadunda, wala hakuna anayelitazama. Likaja la pili. Likaja la mia. Yote hai, yote yanakula nafasi kwenye kumbukumbu ya simu, na mimi nakula sifa darasani.

Hayo yote nimeyajua baadaye. Siku ile nilichokijua ni kwamba simu ya mwalimu, ukicheza dakika tatu, inakuwa ya moto, picha zinaanza kwenda kwa kushtukashtuka, halafu inaganda tii.

Nilihangaika, jamani! Nikapunguza kasi ya kuanguka. Ikaganda. Nikamwondoa ngedere. Ikaganda bila ngedere. Nikaandika mstari wa kulifanya bibo lisionekane likishatoka. Ikaganda huku hakuna kinachoonekana, jambo ambalo ni baya zaidi. Wiki nzima nilikuwa mtu wa kufoka peke yangu mbele ya kompyuta isiyo na M.

Siku moja mchana klabu nzima imekaa, Mwalimu Masanja akaishika ile simu, akaiachia kwenye meza haraka.

"Hii inapikwa?" akauliza. "Tatizo ni nini? Wewe ndiye fundi, sema."

Watu wote wakanigeukia. Na mimi nikikosa jibu, huwa mdomo unatangulia wenyewe.

"Mwalimu, si unayaona mabibo ya Somoe yalivyonenepa?" nikasema. "Kachora kama anavyopakua ugali. Simu gani itabeba uzito huo?"

Kicheko! Watu waligonga meza. Somoe naye akacheka, akanijibu hapo hapo, "Ungechora wewe simu ingekufa njaa, Mdomo Spika!"

Utani wa kawaida kabisa. Mtu wa kwetu angecheka na kuuliza swali lake upya. Mwalimu Masanja hakucheka. Alitoa daftari dogo mfukoni, akaandika. Nilikuwa karibu, nikayasoma maneno yale kwa macho yangu: *Tatizo: picha nzito.*

Pale pale ningeweza kusema, "Mwalimu, natania, huyu ni binamu yangu." Maneno sita. Hata sekunde tatu hayachukui!

Sikusema. Na niwaambie kwa nini. Nilisikia nafuu. Swali lilikuwa shingoni kwangu, na sasa limehamia kwa mtu mwingine. Nikajiambia, acha kwanza, nitasema kesho.

Kesho yake Mwalimu akaja na uamuzi. Picha zinabadilishwa. Deo, kijana mmoja wa kidato cha pili, ametengeneza viduara vyekundu kwenye kompyuta, vyepesi, ndivyo vitakavyotumika. Na kwa kuwa viti ni viwili, atakayekwenda Masasi kwa upande wa picha ni Deo.

"Somoe, usijisikie vibaya," Mwalimu akasema kwa upole wake ule. "Mwenzako mwenye programu ameshaniambia shida ilipo. Ni mambo ya kitaalamu."

Somoe akanitazama. Alikuwa bado anatabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri mzaha ufike mwisho. Anasubiri niseme. Klabu nzima inasubiri niseme, mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema toka nizaliwe!

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Jumamosi hiyo Somoe alikwenda Mnyambe na ndoo. Mjomba hakumgombeza hata kidogo. Alimwambia tu, "Sharti ulilisikia," wakaondoka.

Sasa hapa ndipo pa kunichapa. Maana mpaka hapo mngeweza kusema, huyu ni mtoto, aliropoka, aliogopa. Ngojeni!

Tukaweka viduara vya Deo. Gemu ikawa mbaya kama upele. Mabibo yetu yalikuwa na sura za watu, sasa zinaanguka nukta nyekundu kama mtu anatokwa damu puani. Na bado simu ikaganda! Badala ya dakika tatu, ikaganda dakika ya tano.

"Unaona?" Mwalimu akasema. "Kuna maendeleo."

Maendeleo gani! Nilitamani kujificha. Kama picha ndizo zilikuwa tatizo, mbona zimeondoka na tatizo limebaki? Nilikuwa najua kabisa kwamba nimemtoa mtu kwa uongo, na uongo wenyewe hata haufanyi kazi.

Jumatano, siku tatu kabla ya maonyesho, nikabaki peke yangu chumba cha kompyuta wakati wa michezo. Nikapata wazo ambalo ningepaswa kulipata siku ya kwanza. Nikaweka namba ndogo pembeni ya kioo, inihesabie mabibo yote ambayo simu bado inayashughulikia, yanayoonekana na yasiyoonekana.

Nikacheza. Juu ya kioo yapo matatu. Namba inasema arobaini.

Nikaendelea. Kioo kina mawili. Namba inasema mia mbili na kumi.

Nikaacha kabisa kugusa, nikazuia mabibo mapya yasianguke. Kioo kitupu, mkorosho peke yake umesimama. Namba: mia tatu na sita. Haishuki! Mabibo mia tatu na sita yanabingirika nje ya kioo, hayana pa kwenda, na simu ya watu inachemka kwa ajili yao!

Niliita jina la Mungu kwa sauti. Halafu nikacheka kwa hasira. Nilikuwa nimeandika programu kama mtu anayeokota korosho shambani kwa mjomba!

Kulirekebisha kosa hilo ilikuwa mistari mitatu. Mitatu tu, nyie! Wa kwanza, bibo likitoka nje, kisaa chake kisimamishwe. Wa pili, kile kipande kinachosubiri bibo liguswe kwa kidole kiambiwe kwamba bibo hili halitaguswa tena, kiliache. Wa tatu, bibo lifutwe kwenye orodha ya mabibo yote. Maana simu haina akili ya kujua kwamba kitu kimekwisha kazi. Maadamu kuna kimoja kinachokishika, kisaa au orodha au chochote, itakitunza tu, milele. Mpaka vyote vikiachie ndipo inachukua nafasi yake.

Nikacheza tena. Kioo matatu, namba tatu. Kioo mawili, namba mbili. Robo saa. Simu imetulia, ya baridi.

Halafu nikafanya kitu ambacho hakuna aliyenituma. Nilirudisha picha za Somoe. Zilikuwa bado zimo kwenye kompyuta. Nilitaka kujua tu. Nikacheza dakika ishirini na mabibo yake yote yakianguka na kukunja uso na kushtuka, na simu ile ile haikupata hata joto la kupasha maji ya mtoto.

Kwa hiyo nilijua. Kuanzia Jumatano, saa kumi na robo, nilikuwa najua. Si kwa kubahatisha. Kwa ushahidi, mkononi!

Nikasikia kikohozi cha Mwalimu nje, anakuja.

Nikarudisha viduara. Halafu nikazifuta picha za Somoe, zote kumi na mbili, kwenye kompyuta ile na kwenye simu ya mwalimu, ili asije akatokea mwerevu mmoja akazijaribu kama nilivyozijaribu mimi. Mimi niliyeshindwa kufuta bibo moja wiki mbili, hizo nilizifuta bila kukosea hata kitufe!

Mwalimu akaingia, akacheza, akashangilia. Akamwita Deo.

"Deo! Picha zako zimeiokoa gemu!"

Deo akavimba kama andazi. Na mimi, mnajua nilifanya nini? Nilimpa Deo mkono.

Alhamisi, muda wa mapumziko, Somoe akanifuata nyuma ya madarasa. Ameshika kifurushi cha karatasi. Ndani ming'oko, vile viazi pori vyetu, imechemshwa, bado ina joto. Anajua ninavyoipenda kuliko wali.

"Nimesikia gemu imekaa sawa," akasema.

"Eeh, imekaa."

"Mwalimu kanieleza. Kumbe kweli zilikuwa nzito. Nilikuwa nakusema moyoni, nikijua umeniuza. Nisamehe, binamu. Nilikuharibia wiki mbili zako."

Aliniomba msamaha!

Nilitazama kile kifurushi. Karatasi yenyewe ilikuwa ya daftari la mirabamiraba. Upande wa ndani, umelowa maji ya ming'oko, kulikuwa na bibo limekunja uso. Penseli imeanza kufutika.

"Hii karatasi..." nikasema.

"Si hazina kazi tena? Za kwanza nimewashia moto juzi. Hiyo ilikuwa imebaki."

Nikasema, "Usijali, binamu. Yamekwisha."

Nikala. Nyie, nikala ile ming'oko yote, mbele yake, nikamsamehe kosa langu mwenyewe. Hata sasa nikiandika hapa mashavu yananiwaka.

Jumamosi tukashuka Masasi. Mimi, Deo na Mwalimu. Ukumbi umejaa, nje ile milima ya mawe inawaka jua. Majaji wakapita meza kwa meza. Kwetu akaja mama mmoja mwenye miwani, kavaa kitenge, ana utani utani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akachukua simu, akacheza.

"Hii mipira?" akauliza.

"Mabibo, mama," Deo akasema.

"Mwanangu, mimi nimekulia kwenye mabibo. Hii mipira."

Watu waliokuwa nyuma wakacheka. Mwalimu akaingilia kati, akatoa daftari lake.

"Tulikuwa na picha nzuri zaidi, ila zilikuwa nzito. Simu ikawa inaganda. Tukazibadilisha, ikapona."

"Picha ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kubwa?"

"Ndogo tu, kama hizi."

Yule mama akavua miwani. "Picha kumi na mbili, ndogo kama kucha, ziigandishe simu hii? Haiwezekani." Akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye programu? Nifungulie."

Nikamfungulia kompyuta tuliyokuja nayo. Akasoma taratibu, kidole kinashuka mstari kwa mstari, mimi nashuka nacho. Kikasimama.

"Hii mistari mitatu inayofuta bibo, nani kaandika?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumatano."

"Picha mlibadilisha lini?"

Deo, mtoto wa watu asiye na hatia, akajibu kwa furaha, "Wiki iliyopita, mama!"

"Na baada ya kubadilisha, simu iliendelea kuganda mpaka Jumatano?"

"Iliendelea," nikasema.

"Sasa zile picha za kwanza zilikuwa na kosa gani?"

Msidhani nilitubu. Nataka hilo lieleweke! Sikusimama kishujaa nikasema ukweli. Nilibanwa kama kuku mlangoni. Nilitazama huku na huku nikitafuta mzaha, mzaha wowote, na kwa mara ya kwanza maishani haukuja hata mmoja.

"Hazikuwa na kosa, mama. Kosa lilikuwa langu."

Mwalimu Masanja hakunigombeza. Alilitazama daftari lake mahali alipoandika, akalifunga, akalirudisha mfukoni. Heri angenizaba kofi.

"Ningependa kuziona hizo picha," yule mama akasema.

Hazipo. Kwenye kompyuta nilizifuta. Za karatasi, nyingine zilipikiwa, na ile moja iliyobaki niliitupa shimoni na maganda ya ming'oko. Yule mama akaandika kitu, akahamia meza nyingine. Hatukupata chochote. Na tusingestahili.

Jumapili nikaenda kwa mjomba. Walikuwa uani, korosho zimeanikwa kwenye jamvi, Somoe anazigeuza kwa mkono. Nikasimama pale nikasema yote, mbele ya baba yake. Kwamba nilitania, Mwalimu akaamini, nikaacha. Kwamba kosa ni mabibo yangu yasiyofutika. Kwamba nilizijaribu picha zake na zilikwenda vizuri sana. Kwamba nilizifuta.

Somoe hakuinua kichwa.

"Ulizijaribu lini?"

"Jumatano."

"Mimi nilikuja Alhamisi."

"Ndiyo."

Mkono wake ukasimama juu ya korosho. Halafu ukaendelea kugeuza.

Mjomba alimtazama yeye, akanitazama mimi. Naye ni mtu wa mzaha. "Mbona humtukani leo?" akamuuliza. "Mpige moja la nguvu, mmalizane. Na Jumamosi zako nakurudishia."

"Jumamosi nitakuwa shambani, baba," Somoe akasema. "Na huyu simtukani. Ni mtu mzima."

Jumatatu Mwalimu Masanja alimwita mbele ya klabu, akamwomba radhi waziwazi, akamwomba achore upya, mwakani kuna maonyesho mengine. Alishukuru kwa heshima, akasema atafikiria. Ni wiki ya sita sasa. Hajachora hata kuku.

Mimi nikajaribu njia yangu. Nikamngoja getini, nikamwita kwa sauti kubwa, "Miguu Antena! Leo unashika stesheni gani?" Nikajikinga kichwa kabisa, nikisubiri tusi langu. Nililihitaji!

Akasimama, akageuka vizuri, akasema, "Shikamoo, kaka."

Tumezaliwa mwaka mmoja, yeye miezi miwili mbele! Nikacheka, nikidhani huo ndio utani wenyewe umerudi kwa sura mpya. Hakuwa anacheka. Alisubiri niitikie, kama mtu anavyomsubiri mgeni, halafu akaenda zake. Na kila asubuhi mpaka leo ni hivyo. Shikamoo kaka. Wenzangu wanaona ni kichekesho. Mimi ningetoa meno mawili ya mbele aniite Mdomo Spika mara moja tu.

Kwa hiyo wewe unayetengeneza magemu yako huko uliko, usilisahau bibo lililotoka nje ya kioo. Simamisha kisaa chake, liondoe kwenye orodha, hesabu yaliyobaki. Hilo unaweza kulikosea leo na ukalirekebisha kesho, ni mistari mitatu.

Lakini ukiona aibu yako imeangukia kwa mwenzako, wahi! Sema siku hiyo hiyo, hata kama watakucheka, hata kama utapoteza kiti. Usingoje. Maana ukingoja, ipo siku huyo huyo uliyemkosea atakuja mwenyewe kukuomba msamaha, na wewe utaupokea.